Nani anayesema humu?

Kuanzia mwezi wa kumi hadi mwezi wa kwanza mimi si mwandishi. Ni karani wa chama cha msingi katika kijiji kimoja cha mkoa wa Mtwara, na kazi yangu katika miezi hiyo ni kupokea magunia ya korosho, kusoma mizani mbele ya mkulima ambaye naye anaisoma kwa makini kunishinda, kuandika kilo kwenye stakabadhi na kungoja mnada pamoja na kila mtu. Anayerudi nyumbani saa 2 usiku akiwa na vumbi la magunia kooni haandiki riwaya. Akijitahidi sana ataoga. Ndiyo maana riwaya yangu, ambayo mwaka huu imetimiza miaka 6 bila kumalizika, imeandikwa yote kati ya mwezi wa pili na wa tisa, na ndiyo maana nimekuwa na udadisi mkubwa wa kujua waandishi wengine waliipata wapi saa ya kuandika.

Ninayempenda zaidi katika habari hizo ni Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa mtumishi wa posta. Alikaa mezani saa 11 na nusu alfajiri, akaweka saa yake mbele, akajidai maneno 250 kila baada ya dakika 15, kisha akaenda kazini kama watu wengine. Na kwa kuwa alijijua, alimlipa mtumishi wake mzee nyongeza ya pauni 5 kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa. Alifariki mwaka 1882, tawasifu yake ikachapishwa mwaka uliofuata, na wahakiki waliokuta hesabu hizo humo walishtuka kana kwamba wamegundua kuwa chakula walichokisifu kilipikwa na mtu mwenye kipimo. Jina lake lilishuka kwa miaka mingi. Mimi nilipoisoma habari hiyo nilijisikia nimepata ndugu, ingawa kahawa sina na anayeniamsha ni jogoo wa jirani, ambaye halipwi na wala hazingatii muda.

Hata hivyo mtu anaweza kuamka kila alfajiri kwa miaka na bado akawa anaandika riwaya isiyo na msemaji. Nilifanya hivyo kwa misimu 3, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza leo.

Wanaojadili uandishi hupenda kuwagawa waandishi makundi mawili: wanaochora ramani nzima kabla ya sentensi ya kwanza, na wanaoshika njia wakitumaini itawafikisha. Mimi nilianza nikiwa wa kundi la kwanza, kwa tabia ya ukarani. Nilinunua daftari kubwa lenye jalada gumu, nikachora safu kwa rula, nikaorodhesha sura 24, kila moja na wahusika wake, mahali pake na tukio lake, nikaacha safu ya mwisho kwa ajili ya maoni, kana kwamba mkaguzi angekuja kuipitia. Kati ya sura hizo 24 ni 6 tu zilizobaki kama zilivyopangwa. Sijutii, kwa sababu bila daftari lile nisingethubutu kuanza. Ila sasa ninapolifungua naona kwamba lilijibu maswali yote isipokuwa moja. Lilieleza nini kinatokea, wapi, lini na kwa sababu gani. Halikueleza ni nani anayemsimulia nani.

Riwaya yenyewe inahusu reli. Vijana wengi wa huku hawajui kwamba kusini iliwahi kuwa na treni, na siwalaumu, kwa kuwa karibu kila kitu kimekwisha kuondoka isipokuwa masimulizi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilibuni mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika ili ipate mafuta ya kula. Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, ikafika Nachingwea, na kwa ajili ya karanga hizo ikajengwa reli, kwanza kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ambako treni zilianza kwenda Nachingwea mwaka 1949, kisha ikaunganishwa na bandari mpya ya kina kirefu hapa Mtwara. Karanga zilikataa. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, reli ikabaki ikibeba kidogo kilichokuwapo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Bandari ndiyo iliyobaki, na korosho ninazozipima mimi zinasafirishwa kupitia hapo, jambo ambalo huwa nalifikiria mara kwa mara nikiwa nimesimama ghalani bila la kufanya.

Niliandika kurasa 140 za habari hiyo kwa sauti ya mtu anayejua yote. Alijua waziri alisema nini London, alijua mvua ilinyesha kiasi gani Nachingwea, alijua kuli wa Mkwaya aliota nini usiku, na alikuwa na methali kwa kila tukio. Nilidhani ndivyo riwaya ya Kiswahili inavyopaswa kusikika. Nilikuwa nimekua nikimsoma Shaaban Robert, ambaye msimulizi wake hukaa juu ya hadithi kama mzee barazani, anahukumu, anafundisha, na wewe unakubali kufundishwa kwa sababu sauti ile ni tamu na ina heshima yake. Kosa langu lilikuwa kuazima kiti cha mzee huyo bila kuwa na umri wake.

Aliyenionyesha kosa hilo ni bibi yangu, mzaa mama, ambaye hajui kusoma na anaona uandishi wangu kuwa ni ugonjwa usio na homa. Siku hiyo alikuwa anabangua korosho nyuma ya nyumba. Alikuwa amekwisha kuzikaanga kwenye kipande cha debe kilichotobolewa, zikawaka moto kwa yale mafuta yake, akazimwaga na kuzifukia mchanga, na sasa alikuwa ameketi na jiwe bapa mbele yake, kijiti kizito mkononi na majivu ya kupaka vidole ili mafuta ya ganda yasimchome. Nilimwomba anisikilize nimsomee sura ya kwanza. Akasema nisome tu, masikio yake hayakuwa na kazi nyingine. Nikasoma ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu, na katika muda wote huo kijiti kiliendelea, tak, tak, tak, bila kupunguza mwendo. Nilipofika mahali ambapo mtoto mmoja anaingia chini ya behewa kuokota maganda ya machungwa yaliyotupwa na wahandisi, kijiti kilisimama. Kikabaki hewani. Kisha nikaingia aya ndefu kuhusu bajeti ya mradi, na tak, tak, tak ikaanza tena.

Nilipomaliza aliniuliza, "Mume wangu, huyo anayesema humu ni nani?"

Nikamjibu kwamba hakuna anayesema, ni hadithi tu.

"Haiwezekani. Hadithi ina mwenyewe. Huyu wako anajua ya Ulaya, anajua ya Mkwaya, anajua mpaka ndoto za watu. Mtu wa namna hiyo mimi simsikilizi, namwogopa." Akarudi kwenye korosho zake.

Tangu siku hiyo sijaacha kumsomea. Nina kalamu ya risasi, na kila kijiti kinaposimama naweka nukta pembeni mwa mstari. Nilikuja kusoma baadaye kwamba Gustave Flaubert, nyumbani kwake Croisset nchini Ufaransa, alikuwa na desturi ya kuzisoma sentensi zake kwa sauti ya juu sana, karibu kupiga kelele, ili zile mbovu zijisaliti zenyewe. Nakubaliana naye kwamba sentensi yenye kasoro hukwama kooni kabla haijaonekana na jicho, lakini nadhani alikosa kitu kimoja: mtu wa pili mwenye kazi mkononi. Msikilizaji aliyekaa bure atakuvumilia kwa adabu, na adabu haimsaidii mwandishi. Mwenye korosho za kubangua hana sababu ya kuziacha isipokuwa umemlazimisha.

Nilizihesabu nukta za sura ya kwanza. Zilikuwa 5, na zote zilikuwa mahali ambapo yule mtoto wa maganda ya machungwa alikuwapo. Katika daftari langu la safu, mtoto huyo hakuwa na jina. Aliingia sura ya kwanza kama pambo na kutoweka. Ilinichukua wiki kadhaa kukubali jambo ambalo lilikuwa wazi tangu pale nyuma ya nyumba, kwamba hadithi yote ilikuwa yake, na kwamba kurasa 140 zilipaswa kuandikwa upya kutoka kinywani mwake.

Nilijifariji kwa kusoma habari za wakubwa waliopatwa na shida hiyo hiyo. Fyodor Dostoevsky alianza kuiandika riwaya yake ya mwanafunzi muuaji kama ungamo la muuaji mwenyewe, katika nafsi ya kwanza. Mwishoni mwa mwaka 1865 akachoma alichokuwa ameandika, akaanza upya kwa nafsi ya tatu. Franz Kafka, katika mswada wa riwaya yake ya mwisho, ambayo hakuwahi kuimaliza, alianza na "mimi", akafika sura ya tatu, akarudi nyuma kufuta kila "mimi" na kuweka herufi K. Wote wawili walikuwa wanatoka kwa "mimi" kwenda kwa "yeye", nami nilikuwa nakwenda upande wa pili. Karibu na kwetu kuna Euphrase Kezilahabi, ambaye *Kichwamaji* ya mwaka 1974 inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe, kijana msomi wa Ukerewe. Kila mwanakijiji unayekutana naye humo umemwona kwa jicho la Kazimoto, na polepole unaanza kulitilia shaka jicho lenyewe. Niliisoma nikiwa shuleni nikidhani ni kitabu kuhusu wasomi. Nilipoisoma tena kwa ajili ya kazi hii, niliona ni kitabu kuhusu mtu mmoja anayesema.

Kumpa mtoto yule usukani kulikuwa na gharama ya papo hapo. Anabeba maji kwa ajili ya genge la reli pale Mkwaya. Hawezi kujua lolote kuhusu bunge la Uingereza, hajui kwa nini karanga, hajui Nachingwea ni wapi. Kurasa 31 zilianguka kwa siku moja, na miongoni mwake zilikuwamo zile nilizozifanyia utafiti kwa bidii kubwa kuliko zote. Nilikaa nazo mezani siku kadhaa nikitafuta namna ya kuzirudisha kwa mlango wa nyuma. Nilijaribu kumfanya mwalimu wa misheni amweleze mtoto. Mwalimu akawa anahutubia. Nilijaribu barua iliyookotwa, nani angemsomea?

Aliyeniokoa ni neno moja dogo la kila siku: eti. Mtoto hajui bajeti, lakini anasikia wanaume wakizungumza kwenye foleni ya posho, na anachosikia anaweza kukirudia bila kukidhamini. *Eti Mzungu mkubwa anataka karanga za kujaza meli. Eti trekta lilikuwa kifaru cha vita kabla halijaletwa kulima.* Hilo la pili si porojo tupu, kwa maana mradi ule kweli ulitumia vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta, lakini mtoto hana haja ya kujua kama ni kweli, na msomaji anapata habari yenyewe pamoja na mashaka ya foleni nzima. Katika "eti" mna msemaji, mna aliyemwambia, na mna tabasamu la mtu asiyetaka kushikiliwa kwa maneno ya mwenzake. Kurasa 31 zilirudi zikiwa 4, na kijiti kilisimama mara mbili.

Kuna mengine ambayo Kiswahili humpa mwandishi bila kumdai chochote, na nasikitika kwamba tunaposoma mafunzo ya uandishi yaliyotungwa kwa ajili ya lugha nyingine huwa hatuyaoni. Lugha nyingi za Ulaya hulazimika kusema mapema kama mhusika ni wa kiume au wa kike, kwa sababu kiwakilishi chenyewe kinasema. Kwetu "aliingia chini ya behewa" haitoi siri yoyote. Mtoto wangu anabeba maji, anapigana, anakimbizana na treni, anakula maganda, na msomaji anaweza kufika ukurasa wa 30 akidhani ni mvulana, mpaka siku anapoitwa ndani kwa ajili ya unyago na genge lote la reli linashangaa sawa na msomaji. Bibi hakushangaa. Alisema alijua tangu mwanzo, kwa kuwa mvulana asingetumwa maji mara tatu kwa siku.

Nimejifunza pia kuogopa -ka-. Ni kiungo kitamu, hasa kwetu sisi tuliolelewa na ngano: akaondoka, akafika, akakuta, akasema. Hadithi inateleza yenyewe, na mwandishi anadhani ameandika. Lakini mnyororo wa -ka- ukizidi, matukio yote hupata uzito mmoja, kifo na kikombe cha chai vinapita kwa mwendo ule ule. Sasa kwenye rasimu ya pili huwa napitia kila mnyororo na kuuliza ni wapi msimulizi wangu angevuta pumzi, na hapo narudisha -li-, au naweka hu- kama jambo lilikuwa la kila siku. "Treni ilipita" na "treni hupita" si habari moja kwa mtu anayejua kwamba mwishoni reli itang'olewa.

Kuhusu mazungumzo ya wahusika nina machache ya kusema, kwa sababu salamu hufanya nusu ya kazi. Stesheni masta wangu ni kijana wa miaka 24, na makuli wenye mvi wanamwamkia shikamoo. Anaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Niliwahi kuandika aya nzima kuhusu jeuri ya cheo katika ukoloni, nikaifuta baada ya kuandika mistari hiyo miwili.

Utafiti nao nilijifunza kuufanya upya. Nilipomtembelea mzee mmoja wa upande wa Lindi ambaye baba yake alifanya kazi kwenye reli, nilikwenda na orodha ya maswali kuhusu mishahara na saa za kazi. Alijibu mawili kwa uvivu, kisha akanieleza kwa nusu saa jinsi mama yake alivyokuwa akiunusa mvuke wa treni kwenye shati la mumewe na kukataa kulifua pamoja na nguo nyingine. Orodha nimeipoteza. Shati limo sura ya 7.

Yaliyopotea kwa bahati mbaya hayakunifundisha mengi kiasi hicho. Mwaka wa nne nilipeleka daftari lenye sura 3 kwenye duka moja la kuchapa kazi mjini. Kompyuta yao ikaharibika, na daftari langu likatupwa na takataka, ndivyo walivyoniambia. Niliziandika upya kwa kukumbuka. Mbili zilitoka fupi na bora zaidi. Ya tatu, ya mazishi ya nyapara, haijawahi kurudi kama ilivyokuwa, na sitaki mtu anieleze kwamba hasara hiyo ilikuwa na manufaa. Mawazo yangu siku zile yalikuwa kwa Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyeimaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, na akiwa mzee akakaa na kuiandika yote tena kwa Kiswahili. Kitabu kina tarehe ya 1980, naye alifariki 1981. Sura 3 si kitu mbele ya hayo, ingawa siku ile zilikuwa kitu.

Wiki mbili zilizopita nilimsomea bibi sura ya mwisho, ile ya kung'olewa kwa reli. Naipenda sura hiyo kupita zote. Mataruma yanafukuliwa moja moja, vyuma vinapakiwa, tuta linabaki limenyooka kuelekea porini bila kitu juu yake, na wanakijiji wamesimama kimya. Nilisoma polepole, nikijizuia nisimtazame. Tak, tak, tak. Kijiti hakikusimama hata mara moja.

"Hapo umeniambia wewe," alisema nilipofunga daftari. "Yule mtoto hakuwepo."

Nilirudi nyumbani kuhakikisha, na ni kweli. Sura tatu kabla ya hapo nilikuwa nimemwoza Newala, juu ya uwanda, ambako reli haikupata kufika na ambako hata maji aliyazoea kuyafuata mbali. Siku mataruma yanafukuliwa alikuwa na mtoto mgongoni na ndoo kichwani, na hakuna mtu katika riwaya nzima niliyemtuma kumpelekea habari. Niliketi nikipitia majina ya wahusika waliosalia, nani angeweza kupanda uwandani wakati huo, kwa shughuli gani, na angelisemaje jambo hilo kwa mtu aliyewahi kuokota maganda chini ya mabehewa.

Jumanne tunapokea magunia ya kwanza. Juu ya ukurasa wa kwanza wa sura hiyo nimeandika kwa kalamu ya risasi, "Nani alimwambia?", na daftari limo kabatini hadi Februari.